Kabla ya Kuweka PIN, Uliza Jumla

Ijumaa moja jioni, mwenzetu wa kitengo cha huduma kwa wateja alivuka feri kurudi Likoni akiwa na shilingi 450 kwenye simu. Mwanawe alikuwa amefunga shule na ripoti nzuri, na ahadi ni deni: alikuwa amemwambia atamnunulia kuku na chipsi. Wakaingia kwenye duka moja la vyakula vya haraka, wakatazama juu. Kwenye skrini palikuwa na picha ya kuku, chipsi na soda, na pembeni namba kubwa nyekundu: 290.

Mama akapiga hesabu kichwani. 450 toa 290, zabaki 160. Nauli ya Jumamosi asubuhi ipo, na mkate wa chai upo. Akaingia foleni. Alipofika kaunta, mazungumzo yalikwenda hivi:

"Karibu mama. Niwape nini?"

"Nipe ile ya kuku na chipsi, ile ya kwenye picha."

"Ya kawaida ama kubwa?"

"Ya kawaida tu, mwanangu."

"Niweke sosi?"

"Weka."

"Mwala hapa ama mwabeba?"

"Twabeba."

"Haya. Mia nne sabini na mbili. Till hiyo hapo mbele yako, mama."

Alishtuka, lakini nyuma yake walikuwa wamesimama watu saba na mtoto alikuwa ameshaanza kunusa chipsi. Akaingiza namba ya till, akaingiza 472. Simu ikamwambia salio halitoshi, ikamuuliza kama angependa kukopeshwa shilingi 22 zilizopungua amalizie malipo. Akakubali. Chakula kikaja, mtoto akafurahi, wakaenda zao.

Risiti aliisoma akiwa nyumbani. Ile 290 ilikuwa bei ya kombo ndogo, na juu ya ile namba nyekundu palikuwa na neno "kuanzia" lililoandikwa kwa herufi za kutafuta na tochi. "Ya kawaida" ilikuwa saizi ya kati, shilingi 350. Sosi 30. Boksi la kubebea 20. Hapo ni 400. Kisha VAT ya asilimia 16, yaani 64, na ushuru wa utalii wa asilimia 2, yaani 8. Jumla 472.

Jumamosi asubuhi akaamka simu ikiwa sufuri na deni juu. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini matatu ya kutoka Shika Adabu hadi feri si bure. Akamgongea jirani mlango kuomba nauli. Mchana ndugu yake akamtumia pesa kidogo, na kitu cha kwanza kilichotokea ni deni kukatwa, pamoja na ada yake.

Alipotusimulia Jumatatu tulicheka. Halafu tukanyamaza, maana kila mmoja pale mezani alikuwa na yake. Mmoja, wa Magongo kule Changamwe, aliagiza chipsi masala za 150 za ukutani akaambiwa "hiyo ni bei ya zamani, siku hizi ni mia mbili." Mwingine, wa Bombolulu, aliona tangazo la nunua mbili upate ya tatu bure, akanunua mbili, ndipo akajulishwa ati ofa ni ya Jumanne peke yake. Na sisi ndio watu wa pesa! Kazi yetu ni kuwafundisha wateja kuangalia kabla ya kulipa.

Ndiyo maana tumeona tuandike. Msimamo wetu ni huu: mteja ana haki ya kusikia jumla yote, kodi na nyongeza zikiwa ndani, kabla hajashika simu kulipa. Na asipoambiwa, aulize bila haya.

Si ujinga wako

Watu wengi wakikwama mbele ya menyu hujilaumu wao. "Sikusoma vizuri." "Mimi mambo haya ya kisasa siyajui." Unaona foleni nyuma yako, unaona kijana wa kaunta ameinua macho anakungoja, basi unanyoosha kidole kwenye picha yoyote ile ili aibu ipite. Tunaijua hali hiyo.

Lakini hebu tazama menyu yenyewe. Skrini inabadilika kila baada ya sekunde chache, unapofika kwenye bei ya kuku inakuja picha ya burger. Vyakula vina majina ambayo hata mwenye Kiingereza chake kizuri hajui ndani mna nini. Bei iko upande mmoja, maelezo upande mwingine, na masharti yako chini kabisa. Mtu aliyetoka kazini bandarini saa moja usiku, njaa inamuuma, hawezi kufanya mtihani huo akaupita.

Tena angalia jambo moja. Neno HALALI kwenye maduka hayo hayo limeandikwa kwa herufi kubwa, kijani, mlangoni, ukutani na wakati mwingine hata kwenye karatasi ya kufungia. Hakuna anayelikosa. Mwenye duka anajua kuwa mteja wa Mombasa asipoliona neno hilo ataulizauliza au atapita zake. Kwa hiyo wenye maduka wanajua kuandika wazi wanapotaka. Bei pia ingeweza kuandikwa hivyo.

Bei inajificha wapi

Tumekaa tukaorodhesha sehemu ambazo bei hupenda kujificha. Namba tunazotumia hapa ni za mfano, lakini mtindo utautambua.

*Kwenye neno "kuanzia".* Bei kubwa unayoiona ni ya kitu kidogo kuliko vyote katika kundi lake. Picha iliyo kando yake kwa kawaida ni ya kile kikubwa.

*Kwenye saizi.* "Ya kawaida" masikioni mwetu ni ile isiyo na mbwembwe, ya chini. Kwenye menyu nyingi hiyo ndiyo ya katikati, na chini yake kuna ndogo ambayo hutajwi mpaka uiulize. Mwenzetu neno hilo moja lilimla shilingi 60.

*Kwenye kombo.* Kiswahili chenyewe kilishatuonya: jambo likienda kombo limepotoka. Chukua mfano. Chipsi 150, kuku robo 250, soda 80. Ukivinunua kimoja kimoja ni 480. Kombo ni 450, na tangazo linasema umeokoa 30. Sawa. Lakini je, soda uliitaka? Kama ulitaka kuku na chipsi tu, bei yako ni 400. Umeokoa 30 kwa kutumia 50 zaidi. Kombo ni nafuu kwa anayehitaji kila kilichomo. Kwa asiyehitaji, amenunua soda ambayo hakuja kuitafuta.

*Kwenye nyongeza.* Sosi, jibini, kachumbari, boksi. Kila kimoja huulizwa kama ukarimu: "Nikuwekee?" Pwani tumezoea swali hilo liwe ukarimu kweli. Ukinunua viazi karai ukaambiwa "niongeze chatini?" hutozwi. Kumbe kwenye kaunta ile kila "ndiyo" ina bei.

*Kwenye kodi.* VAT nchini Kenya ni asilimia 16, na mikahawa inayohusika hulipa pia ushuru wa utalii wa asilimia 2. Duka moja huweka hivyo ndani ya bei ya ukutani, duka la pili huviongeza mwishoni. Chakula cha 450 kikiongezewa asilimia 18 ni 531. Shilingi 81 hizo kwa mtu wa Mikindani ni nauli. Wala si kila kibanda cha chipsi kinatoza kodi hiyo, kwa hivyo huwezi kubahatisha. Lazima uulize.

*Kwenye lugha.* Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hapa Likoni, Kisauni na Changamwe ndiyo lugha ya kaunta, ya jikoni na ya foleni nzima. Lakini juu ya kaunta, ubao ni wa Kiingereza kutoka mwanzo hadi mwisho. Mpishi anazungumza Kiswahili, mteja anazungumza Kiswahili, na karatasi inayowaunganisha haizungumzi.

Moja moja hizi zaonekana ndogo. Lakini weka 50 zaidi kila mara, mara tatu kwa wiki: ni 150 kwa wiki na 7,800 kwa mwaka. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, ila limening'inizwa juu na kuandikwa kwa mafumbo.

Mama wa mahamri hana ubao

Ukitaka kuona menyu nzuri, amka asubuhi uende kwa mama anayeuza mahamri na mbaazi mtaani kwako. Hana skrini. Hana picha. Unauliza, "Mahamri ngapi?" anakutajia bei ya moja. "Na mbaazi?" anakutajia bei ya sahani. Unasema mahamri manne na mbaazi moja, na kabla hajachota, nyote wawili mnajua ni pesa ngapi. Hata mtoto aliyetumwa na sarafu mkononi anarudi na chenji sawasawa.

Hivyo hivyo kwa muuza mihogo ya kukaanga pale karibu na feri, muuza bajia, muuza mishikaki wa kijiti. Bei ni ya kipande, na kipande unakiona kwa macho. Kwenye vibanda vya chipsi vya zamani mteja ndiye aliyeitaja bei: "Nipe chipsi za hamsini." Alianza na pesa aliyonayo, muuzaji akapima chakula kiifuate.

Menyu ya kisasa imepindua mambo. Unaanza na chakula, unaongeza hiki na kile, na pesa unaijua mwisho.

Na wala si kwamba vyakula vya haraka lazima viwe hivyo. Ndugu wawili wa McDonald kule San Bernardino, California, walipobadilisha mkahawa wao mwaka 1948, jambo kubwa walilofanya ni kufupisha menyu. Walifuta vyakula vingi wakabakisha 9 tu, na burger ikawa senti 15. Hata chipsi za moto hazikuwamo, zilikuja mwaka uliofuata. Mteja alijua anachotaka kabla hajafika dirishani, ndiyo maana foleni ilikwenda mbio. Biashara hii ilianza kwa menyu ambayo mtu angeweza kuikariri. Huu msitu tunaouona leo ulimea baadaye.

Simu imeondoa sakafu ya mfuko

Hapa ndipo jambo hili linapotuhusu sisi, kampuni ya malipo, na tutasema ukweli hata kama hautupendezi.

Zamani mfuko ulikuwa na sakafu. Yule mama angekuwa na noti za 450 mkononi, aambiwe 472, angelazimika kusema: "Basi toa sosi." Pengine angeuliza, "Mbona mia nne sabini? Si mia mbili tisini?" Kijana wa kaunta angeeleza, mama angeagiza ndogo, na asubuhi asingemgongea jirani mlango. Upungufu wa pesa ulikuwa unampa mtu sababu ya kusimama na kuuliza. Haukuwa aibu, ulikuwa hesabu tu.

Simu haikusimamishi. Salio likipungua, inakuja mikopo midogo ya kumalizia malipo, na kwa sekunde chache tatizo limetoweka mbele ya kaunta. Halijaisha. Limehamia kesho, na limeongezewa ada. Malipo yakiwa mepesi kiasi hicho, makosa ya kwenye menyu nayo hupita kwa wepesi ule ule.

Na kampuni kama yetu inapata faida watu wakilipa, na inapata faida wakikopa. Hatutaficha hilo. Mkopo wa kumalizia malipo umeokoa watu wengi: mgonjwa aliyehitaji dawa usiku, mzazi aliyepungukiwa kidogo kwenye karo. Lakini haukuwekwa ili kufidia neno "kuanzia" lililoandikwa kwa herufi ndogo. Mkopo wa shilingi 22 kwa ajili ya boksi na sosi ambazo mtu hakujua anazinunua ni mkopo ambao usingekuwapo kama bei ingesemwa mapema.

Sheria iko upande wako

Baadhi ya wateja hudhani kuuliza bei kamili ni kuomba fadhili. Hapana. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inakataza mtoa huduma kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla ya huduma, ada hiyo iitwe jina lolote lile. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha.

Tunajua hakuna mtu wa Kongowea atakayepanda matatu kwenda kushtaki kwa sababu ya sosi ya shilingi 30. Wala hatukwambii ufanye hivyo. Tunakwambia ili ukisimama pale kaunta usimame wima. Swali "jumla ni ngapi na kila kitu?" ni haki yako, na anayekujibu anatimiza wajibu wake.

Wenye maduka nao wana lao

Tumezungumza na wafanyabiashara wanaopokea malipo kupitia kwetu, na si haki kuwaacha bila kusikilizwa.

Wanasema bei ya mafuta ya kupikia na viazi hupanda na kushuka, hawawezi kuchapisha ubao mpya kila mwezi. Ni kweli. Lakini chaki ni rahisi, na karatasi moja yenye kalamu nene ni rahisi zaidi. Bei ya zamani ikibaki ukutani, mteja hataona mafuta yamepanda. Ataona amedanganywa.

Wanasema wakiandika bei yenye kodi ndani, wataonekana ghali kuliko jirani anayeandika bila kodi. Hili lina uzito, tunalikubali. Lakini mteja hudanganyika mara moja. Mara ya pili anapita kando akienda kwa yule anayemwambia "mia tano, imeisha hiyo." Mitaa yetu ni midogo. Habari za duka zinavuka kutoka Mtopanga hadi Mshomoroni kabla ya chakula cha mchana.

Wanasema pia kuwa mteja anayeulizauliza anachelewesha foleni. Sisi tunaona kinyume. Foleni huchelewa kwa sababu kila mtu anaanza kuelewa menyu akiwa ameshafika kaunta. Ubao wenye vyakula vichache, kwa Kiswahili, bei kamili, ungemaliza maswali mtu akiwa bado mlangoni.

Kwa mwenye duka anayesoma hapa, ombi letu ni dogo. Andika bei ambayo mteja ataiona kwenye simu yake. Kama boksi ni lazima, liweke ndani ya bei. Mfundishe kijana wako wa kaunta kutaja jumla kwa sauti kabla ya kuonyesha till. Mteja akijua jumla mapema, malipo hayarudi nyuma, na wewe huna haja ya kugombana na mtu kuhusu pesa ambayo imeshaingia.

Na sisi je?

Tusiwe kama nyani wa methali, asiyeona lake akaliona la mwenziwe. Sisi nasi tuna menyu. Zile namba za kuanzia na nyota, bonyeza 1, bonyeza 4, bonyeza 00 kuona zaidi, na ukichelewa kidogo kusoma inakutoa nje uanze upya. Kuna majina ya huduma tuliyoyatunga maofisini ambayo mteja wa Chaani hana sababu ya kuyaelewa. Kuna ada ambazo mteja anaziona kwenye ujumbe wa kuthibitisha, yaani baada ya pesa kwenda.

Kwa hivyo tunajipima kwa kipimo kile kile. Ikiwa muuza chipsi anapaswa kutaja jumla kabla ya malipo, nasi tunapaswa kuonyesha ada kabla ya PIN, kila mara, kwa Kiswahili cha kawaida. Na tukikuuliza kama wataka mkopo wa kumalizia malipo, tukwambie papo hapo utarudisha kiasi gani. Pale ambapo hatujafika, tuambie. Lawama hiyo tunaistahili.

Fanya hivi utakaposimama kaunta tena

1. *Anza na pesa yako.* Kabla ya kutazama juu, tazama salio. Toa nauli ya kesho. Kinachobaki ndicho unachoweza kula.

2. *Taja kiasi, si picha.* Sema: "Nina mia tatu na hamsini, mwanangu. Napata nini, na kila kitu ndani?" Huu ndio mtindo wa chipsi za hamsini, na bado unafanya kazi.

3. *Uliza saizi ndogo kabisa.* Usiseme "ya kawaida." Sema "ile ndogo kuliko zote ni ngapi?"

4. *Kila "nikuwekee?" ijibu kwa "ni bure?"* Ukifanya hivyo mara mbili, hutaona haya mara ya tatu.

5. *Vunja kombo.* Uliza bei ya kuku na chipsi peke yake. Kama hukutaka soda, usiilipie.

6. *Sikia jumla kabla ya kutoa simu mfukoni.* "Jumla ngapi, na kodi?" Namba utakayoambiwa ndiyo utakayoingiza. Ukiambiwa nyingine baadaye, hujalipa bado, na waweza kupunguza kitu au kuondoka.

7. *Lipa kwenye till ya duka, na usome jina.* Kwa kawaida ukilipa kwenye till, mteja hukatwi ada ya kutuma. Ukiambiwa utume kwa namba ya simu ya mtu, waweza kukatwa ada, na ushahidi wako kwamba ulilipa duka unakuwa dhaifu. Jina likija tofauti na la duka, uliza kabla ya kuendelea.

8. *Simu ikikwambia salio halitoshi, simama.* Usikubali mkopo ukiwa umetazama foleni. Punguza oda kwanza. Kama bado wataka kukopa, iwe umeamua wewe, si watu walio nyuma yako.

9. *Chukua risiti, ilinganishe na ujumbe kabla ya kutoka mlangoni.* Makosa ya kuingiza namba isiyo sahihi tunaweza kujaribu kuyarudisha, na uharaka husaidia, maana pesa ikishatumiwa na aliyeipokea kazi huwa ngumu. Lakini ugomvi wa kama kuku alikuwa robo au nusu sisi hatuwezi kuuamua tukiwa ofisini. Huo unamalizwa pale pale kaunta.

Yule mwenzetu alirudi kwenye duka lile lile wiki mbili baadaye, maana mtoto ni mtoto. Safari hii alisema: "Nina mia tatu, mwanangu. Nipe kuku na chipsi, bila soda, na kodi ndani." Kijana wa kaunta akafikiri kidogo, akapiga hesabu kwenye mashine, akasema: "Mia mbili themanini na tano, mama." Kwenye ubao hakukuwa na kitu cha bei hiyo. Kilikuwapo jikoni tu, kikingoja mtu akiulize.

Nyuma yake kwenye foleni, mzee mmoja mwenye kofia akasema: "Na mimi nipe hiyo hiyo."

*Kumbuka: hatutakupigia simu wala kukutumia ujumbe kukuomba PIN yako. Anayeiomba, hata akijitambulisha kwa jina letu, si mwenzetu. Mtumie makala haya mtu unayejua huagiza kwa kunyoosha kidole.*